Makao ya Watoto: Kweli, Si Kweli na Nusu Kweli

Mwezi Mtukufu unapokaribia, au Pasaka, au Krismasi, magari hujipanga nje ya makao ya watoto kuanzia Mwanza hadi Mombasa. Hushushwa mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni za miche na katoni za juisi. Watoto huimba, mgeni rasmi hutoa nasaha, picha hupigwa, kisha kila mtu hurudi kwake na moyo mweupe. Moyo huo ni mzuri, na asitokee wa kuuvunja. Shida ni kwamba wengi wetu tunatoa bila kuuliza swali hata moja linalohusu usalama wa watoto wenyewe. Usiku nani yuko nao? Mlezi alichunguzwa na nani kabla ya kuajiriwa? Moto ukizuka watatokea wapi? Mtoto akitendewa uovu atamwambia nani?

Hatuulizi kwa sababu majibu tunayo tayari vichwani, na mengi ni ya kudhani. Haya hapa madai kumi yanayosikika mitaani, misikitini, makanisani na hata maofisini. Tuyapime moja baada ya jingine.

1. “Watoto wanaoishi kwenye makao ni yatima.”

SI KWELI kwa walio wengi.

Shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba, duniani kote, angalau watoto wanne kati ya watano wanaolelewa kwenye taasisi wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Afrika Mashariki hatuko mbali na hali hiyo. Ukikaa na walezi wakakusimulia walivyowapokea watoto, utasikia mambo yale yale: mama amelazwa muda mrefu, baba ametoweka, bibi ameshindwa ada ya shule, mtoto amezaliwa na ulemavu na hakuna mahali pa karibu pa kumpatia mazoezi ya viungo. Umaskini ndio uliomleta mtoto, kifo hakikuhusika.

Hili linagusa usalama moja kwa moja. Makao yakishamwandika kila mtoto kuwa yatima, kazi ya kutafuta ndugu zake husimama. Mtoto asiyetembelewa na shangazi wala mjomba hukosa jicho la nje, yaani mtu wa damu yake atakayegundua kwamba amekonda, amekuwa mkimya au ana alama mgongoni. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto, uliopitishwa Desemba 2009, unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia yake, bali uwe sababu ya kuisaidia familia hiyo.

2. “Ukikuta jengo zuri na watoto nadhifu, ujue mambo ni salama.”

SI KWELI.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgeni hufika saa nne asubuhi, tena kwa taarifa. Ua umefagiliwa, watoto wamevaa nguo za sikukuu, na jiko linanukia pilau. Anachokiona ni cha kweli, ila ni cha saa mbili tu. Maisha ya mtoto yana saa 24, na zile ngumu zaidi ni za usiku, za alfajiri watoto wakigombania bafu, na za wikendi wafanyakazi wakiwa wachache.

Vigae vya sakafuni havikwambii kama kila mtoto ana mswaki wake wenye jina, au kama nguo hufuliwa na kugawanywa kwa atakayewahi. Havikwambii kama choo cha wasichana kina komeo la ndani, wala kama bweni la wavulana wa miaka 16 limetengwa na la watoto wa miaka 7. Mambo hayo ni madogo machoni pa mgeni, na ndiyo yanayomlinda mtoto. Makao yenye kuta za udongo yanaweza kuyatimiza yote, na makao ya ghorofa yakakosa hata moja.

3. “Geti, uzio mrefu na nondo madirishani ndio usalama wenyewe.”

SI KWELI, na dai hili limewahi kuua.

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliwaka moto. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Wavulana 67 walikufa. Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, likawaka, na wavulana 21 wakapoteza maisha. Hizo zilikuwa shule, lakini bweni ni bweni: watoto wengi, magodoro ya sponji yanayoshika moto upesi, giza, na mlango ambao hakuna mwenye hakika funguo zake ziko kwa nani.

Mbali na kwetu, nchini Guatemala, msiba ulitokea ndani ya makao yenyewe, ambayo kwa jina rasmi yaliitwa Makao Salama ya Virgen de la Asunción. Machi 7, 2017, watoto walitoroka kwa makundi wakilalamikia mateso na udhalilishaji. Walirudishwa, na wasichana 56 wakafungiwa katika chumba kimoja. Kesho yake asubuhi moto ulizuka humo ndani na mlango haukufunguliwa upesi. Wasichana 41 walikufa. Kufuli lile liliwekwa kwa jina la usalama.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unafaa kusomwa na kila mwenye makao ya watoto. Unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, iwepo kila upande, na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Unataka madirisha yasiwe na nondo na yafunguke kirahisi. Kati ya kitanda na kitanda iachwe nafasi ya mita 1.2, na njia ya katikati iwe na mita 2. Vipimo hivyo vina sababu: ndiyo nafasi inayowatosha watoto kukimbia gizani bila kukanyagana.

Hofu ya wezi na wavamizi ni ya kweli, na hakuna anayesema watoto walale uwanjani. Dirisha laweza kuwekewa wavu wa chuma wenye bawaba, unaosukumwa kutoka ndani bila ufunguo. Mlango waweza kuwa na komeo la ndani ambalo hata mtoto wa miaka 6 analifikia. Kisha liwepo zoezi: mara kwa mara, usiku, filimbi ipigwe, watoto watoke, wakusanyike chini ya mti uliokwisha kuteuliwa, na mlezi awahesabu kwa orodha ya majina iliyo mkononi mwake. Makao ambayo hayajawahi kufanya zoezi hilo hayajui kama watoto wake wanaweza kutoka.

4. “Mtoto mchanga akishiba, akalala pasafi, hakosi kitu.”

SI KWELI.

Hili limepimwa kwa makini kuliko jambo jingine lolote katika malezi ya taasisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wakiongozwa na Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi za jiji la Bucharest, Romania. Walikuwa na umri wa kati ya miezi 6 na 31. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi ya kambo na nusu wakabaki kwenye malezi waliyokuwa nayo. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2007 yalionyesha kwamba, walipofika miaka minne na nusu, waliokwenda kwenye familia waliwazidi wenzao kwa takriban pointi 8 za vipimo vya akili. Waliowahi kwenda kabla ya kutimiza miaka 2 ndio walionufaika zaidi.

Chakula na shuka safi vilikuwepo kwenye taasisi zile. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa mtoto: yule anayemjua kwa kilio chake, anayejua kwamba huyu hulala kwa kupigwapigwa mgongoni na yule hapendi kufunikwa kichwa. Zamu zikibadilika kila baada ya saa nane na walezi wakiacha kazi kila baada ya miezi michache, mtoto mchanga hujifunza kwamba kulia hakuleti mtu. Makao ya vichanga yenye ukimya mzito hayapaswi kutufurahisha. Yapaswa kututia wasiwasi. Ndiyo maana ule mwongozo wa Umoja wa Mataifa unataka watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe ndani ya familia.

Hapa pia ndipo penye jambo ambalo wageni wengi hulisoma vibaya. Ukiingia na watoto wa miaka 4 wasiokujua wakakukimbilia, wakakukumbatia miguuni na kutaka kubebwa, usiseme “hawa wana raha.” Mtoto aliyezoea mlezi wake humchungulia mgeni akiwa nyuma ya kanga ya mlezi huyo kwanza. Anayemrukia yeyote anayepita mara nyingi ni mtoto ambaye bado hajapata mtu wa kumwita wake, na tabia hiyo humweka katika hatari ya kuchukuliwa na mtu mwenye nia mbaya.

5. “Cheti kikiwa ukutani, makao yameshathibitishwa kuwa salama.”

NUSU KWELI.

Leseni ni lazima. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni za makao ya watoto za mwaka 2012 zinataka makao yapewe leseni na yawe chini ya uangalizi wa maofisa ustawi wa jamii. Zanzibar ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2011. Kenya ilikuwa na kanuni za makao hayo tangu 2005, na sasa ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Tena tangu Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya, hivyo anayekuambia amefungua makao huko baada ya tarehe hiyo anapaswa kukueleza kwa kibali gani. Usajili wa kanisa, wa msikiti, wa asasi ya kiraia au wa kampuni si leseni ya kulea watoto. Mtu anaweza kuonyesha cheti chenye muhuri na saini, kumbe ni cha kusajili chama tu.

Hata hivyo, leseni halali inaonyesha hali ilivyokuwa siku ile ilipotolewa. Haisemi mlezi aliyeajiriwa jana ni nani, wala kama watoto wamefika 60 mahali palipopimwa kwa ajili ya 30. Kinachoipa leseni uhai ni ukaguzi, na ukaguzi wenye maana ni ule wa taarifa pamoja na ule wa kushtukiza. Mkaguzi aongee na watoto faraghani, mkurugenzi asiwepo. Afungue jokofu, apande ghorofani, aulize dawa hufungiwa wapi. Daftari la wageni lenye saini ya ofisa ustawi wa jamii mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, linakueleza mengi kuliko cheti kilichowekewa fremu.

Wapo wenye makao wanaoona ukaguzi kama uonevu. Mlezi mwema hana sababu ya kuuogopa. Ukaguzi humlinda na yeye pia, kwa kuwa siku akisingiziwa atakuwa na kumbukumbu za kujitetea.

6. “Aliyejitolea kwa upendo wake hahitaji kuchunguzwa.”

SI KWELI, na hapa lazima tuwe wakali.

Mwaka 2008, Mmarekani mmoja wa jimbo la Pennsylvania alifungua makao ya watoto katika Kaunti ya Bomet. Alijitambulisha kama mmishonari, akaishi hapo na mkewe kwa miaka. Februari 2021, mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka 15 na miezi 8 kwa kuwadhalilisha kingono wasichana wanne waliokuwa mikononi mwake. Miongoni mwao walikuwemo waliokuwa na miaka 11 tu. Wasichana walikuwa wamepelekwa hospitali kuwekewa vipandikizi vya uzazi wa mpango, na jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya kila mtu mzima aliyeliona aulize kwa nini.

Anayetaka kuwadhuru watoto hutafuta mahali penye watoto na pasipo maswali. Haji na sura ya ubaya. Huja na zawadi, na Biblia au tasbihi, na lugha tamu, na mara nyingi na fedha. Kwa hiyo uchunguzi uwe wa kila mtu, pasipo kuangalia rangi ya ngozi, cheo cha dini wala ukubwa wa mchango. Mlezi alete cheti cha polisi cha tabia njema. Mwajiri wake wa zamani apigiwe simu, aulizwe kwa nini waliachana. Mgeni asibaki na mtoto peke yake chumbani mlango ukiwa umefungwa. Asiwepo wa kumchukua mtoto “akatembee kidogo” bila idhini ya maandishi.

Wanaojitolea kwa wiki mbili nao wapimwe kwa mizani hiyo hiyo. Wengi wana nia njema, lakini mtoto aliyekwisha kuachwa na mama huzoea dada mgeni, kisha dada hupanda ndege, na mwezi unaofuata anakuja mwingine. Australia, ambayo raia wake wengi husafiri kwenda kujitolea nje, iliifikisha biashara ya watoto wa makao kwenye mijadala ya sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, kwa sababu kuna makao yaliyokuwa yakitafuta watoto ili yapate wageni. Mwenye ujuzi wa kweli, kama fundi wa umeme, muuguzi au mtaalamu wa viungo, afundishe wafanyakazi. Ujuzi utabaki baada ya yeye kuondoka, na watoto hawatakuwa wameachwa tena.

7. “Mtoto anayelalamika hana shukrani.”

SI KWELI.

Maneno haya huzima moto wa nje huku wa ndani ukiendelea kuwaka. Mtoto huambiwa: ungekuwa barabarani, tumekuokota, tunakulisha, leo unasema nini? Akishaambiwa hivyo mara mbili, hatasema la tatu, hata kama la tatu ndilo zito. Wale wasichana wa Guatemala walikuwa wamelalamika kabla hawajafungiwa.

Makao yaliyo sawa yana njia ya malalamiko ambayo mtoto wa darasa la pili anaielewa. Yaweza kuwa sanduku la barua ambalo ufunguo wake uko kwa ofisa ustawi wa jamii au mjumbe wa bodi asiyeishi hapo. Yaweza kuwa kikao cha watoto cha kila wiki chenye mtu mzima mmoja waliyemchagua wenyewe. Namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya, ibandikwe mahali mtoto anapoweza kuisoma, na iwepo simu anayoweza kuitumia bila kusikilizwa.

Adhabu nazo ziangaliwe. Kwa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa unakataza kumfungia mtoto peke yake kama adhabu. Makao yanayomnyima mtoto chakula cha usiku, au kumzuia asionane na ndugu zake kwa kosa lolote, yamevuka mpaka.

8. “Kila mtoto awe na faili lake, hata kama makao ni madogo.”

KWELI, na ni kweli kwa uzito ambao wengi hawaujui.

Tulifungue faili lililoandaliwa vizuri, tulione kwa karibu. Ukurasa wa kwanza una jina kamili la mtoto, na jina aliloitwa nyumbani. Una tarehe ya kuzaliwa au umri uliokadiriwa na daktari, na picha aliyopigwa siku ya kupokelewa. Inafuata barua ya ofisa ustawi wa jamii na amri ya mahakama, kwa sababu mtoto hapokelewi kwa maneno ya mdomo, hata akiletwa na mchungaji au shehe. Kisha majina ya ndugu: mama, mjomba, bibi mzaa baba, kijiji, kata, na jina la mwenyekiti wa serikali ya mtaa au chifu. Kuna kadi ya kliniki yenye chanjo, mzio wa dawa kama upo, na karatasi ya uzito inayojazwa kila mwezi. Kuna ripoti za shule. Kuna kumbukumbu za kila aliyemtembelea. Na mwishoni kuna mpango: mtoto huyu yuko hapa kwa sababu gani, ataondoka lini, kwenda kwa nani, na nani anaufuatilia mpango huo.

Ukurasa huo wa mwisho ndio unaokosekana mara nyingi. Bila mpango, mtoto aliyeingia kwa miezi mitatu hujikuta ana miaka 18, ametolewa getini na begi, hajui kupanga chumba wala hajui kabila la mama yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 25, unampa mtoto aliyewekwa kwenye malezi haki ya hali yake kuangaliwa upya mara kwa mara. Pasipo faili hakuna cha kuangalia upya.

Faili hilo lifungiwe kabatini. Magonjwa ya mtoto, na namna mama yake alivyomwacha, si habari za kusomewa wafadhili. Vivyo hivyo picha yake yenye jina na kisa chake isitundikwe mtandaoni ili kuchangisha fedha. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, atatafuta kazi na mchumba, na kisa hicho kitamtangulia.

9. “Viwango hivi ni vya nchi tajiri, sisi tuna upendo.”

SI KWELI.

Hesabu mwenyewe. Kuhamisha dawa kutoka dirishani hadi kwenye kabati lenye kufuli hakuhitaji mfadhili. Daftari la dawa, ambamo aliyempa mtoto kidonge huandika saa na kuweka saini, ni bei ya daftari la shule. Orodha ya majina karibu na mlango, kuwahesabu watoto jioni na alfajiri, kuhamisha mtungi wa gesi nje ya jiko, kufunika tangi la maji na kisima, kuning’iniza vyandarua, kuwatenganisha wakubwa na wadogo usiku: hayo yote yanawezekana Sukamahela, Kitui au Kisauni.

Kuna kimoja tu chenye gharama kubwa, nacho ni watu. Walezi wa kutosha, waliofunzwa, wanaolipwa kwa wakati na kubaki kazini miaka, ndio moyo wa viwango vyote. Mama mlezi mmoja mwenye watoto 25 hawezi kumwona aliye na homa saa nane za usiku, hata awe na upendo wa namna gani. Akichoka, upendo wenyewe hugeuka ukali. Hapo sisi watoaji tuna deni. Tunapenda kutoa vinavyoonekana kwenye picha, magunia na magodoro, wakati stoo ya makao imejaa sabuni na mlezi wa zamu ya usiku hajalipwa kwa miezi. Mshahara wake ni sadaka kama sadaka nyingine, na huenda ndiyo inayofika karibu zaidi na mtoto.

10. “Dawa ni kuyafunga makao yote mara moja.”

SI KWELI, japokuwa safari kweli inaelekea kwenye familia.

Makao yanayotesa watoto yafungwe leo, na watoto wahamishwe na watu wanaowajua majina. Lakini kuwatawanya watoto maelfu kwa amri ya siku moja ni kuwatupa mara ya pili. Rwanda ilionyesha njia nyingine. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya watoto 3,300 katika makao 33. Serikali ikaanza kuwarudisha kwa ndugu au kwa familia za malezi, mtoto mmoja mmoja, ikitumia wafanyakazi wa ustawi na wanasaikolojia, na baadaye watu wa kujitolea vijijini wa kuzifuatilia familia hizo. Kenya nayo ina mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wenye nia hiyo hiyo.

Familia nazo zinahitaji viwango. Bibi anayerudishiwa wajukuu watatu anahitaji bima ya afya, sare za shule na mtu wa kumtembelea, la sivyo tumehamisha tatizo tu. Tanzania ina utaratibu wa walezi wa kambo na familia za kuaminika. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala, ambayo Waislamu wa pwani wameijua kwa vizazi: kumlea mtoto wa mwingine bila kumfutia jina la baba yake. Hazina hiyo tunayo, na inastahili kuungwa mkono kwa fedha na kwa sheria.

Mpaka siku ifike ambapo kila mtoto analelewa katika familia, maelfu ya watoto wataendelea kulala kwenye makao usiku wa leo, na usalama wao ni wa leo. Basi safari ijayo ya kupeleka mchele, nenda na maswali haya. Leseni ya kulea watoto iko wapi, na mara ya mwisho ofisa ustawi wa jamii alifika lini? Usiku kuna walezi wangapi macho? Zoezi la moto lilifanyika lini, na funguo ziko wapi? Mtoto akiwa na shida anamwambia nani aliye nje ya makao haya? Wangapi wamerudi kwa ndugu zao mwaka huu?

Mwenye makao aliye mwaminifu atafurahi kuulizwa, na pale alipopungukiwa atakwambia. Huyo msaidie, tena msaidie kulipa mishahara ya walezi. Anayekasirika na kukujibu kwamba ulikuja kutoa na hukuja kupeleleza, mwachie mchele wa watoto, kisha upite ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyo hiyo ukaeleze ulichokiona.